Sura ya 6: Mpira Ukiwa Njiani

Mstari wa mtupo huru katika uwanja ule ulichorwa kwa majivu ya jikoni. Mpishi wa shule alitutolea debe zima asubuhi, mwanafunzi mmoja akashika kamba ya katani, mwingine akamwaga majivu kwa kopo la rangi lililotobolewa matundu chini, na ilipofika saa nne mstari ulikuwa umekaa mweupe juu ya udongo mwekundu. Urefu wake mita 3.60. Kutoka ukingo wake wa mbali hadi mstari wa mwisho wa uwanja, mita 5.80. Nilipima mwenyewe kwa tepu ya fundi ujenzi aliyekuwa anamalizia choo cha walimu, na alinihimiza nimrudishie haraka.

Shule yenyewe iko upande wa Ruangwa, kule ardhi inakoanza kuteremka kuelekea bonde la Mbwemkuru, mto unaotutenga na Kilwa kabla ya kumwaga maji yake Bahari ya Hindi, kaskazini ya Lindi. Ilikuwa 2019, mwaka ambao fainali za taifa za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, zililetwa Mtwara, jirani kabisa, na kila mwalimu wa michezo wa kusini alikuwa na ndoto ya kuona mtoto wake akicheza huko. Siku hiyo wasichana wa shule moja ya Ruangwa walikutana na wasichana wa shule moja ya Nachingwea katika mchezo wa kujipima. Mimi nilikuwa refa. Mwenzangu aliyepaswa kuchezesha nami alikwama njiani na pikipiki, kwa hiyo nilikuwa peke yangu, na filimbi moja.

Huku kwetu mpira ni wa miguu. Ruangwa ina Namungo, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka huohuo, na mtoto akiokota kitu cha duara kwanza anakipiga teke. Lakini shule za sekondari zina nguzo mbili za chuma na mbao mbili, na kwa wasichana warefu waliochoka kuambiwa wakae mstari wa nyuma kwenye picha, mbao zile ni kitu kikubwa.

Zikiwa zimebaki sekunde chache, timu ya bluu ilikuwa mbele 22 kwa 21. Namba tisa wa kijani alichezewa faulo akiwa anarusha. Mitupo miwili. Wa kwanza ukaingia: 22 kwa 22. Nikampa mpira kwa mtupo wa pili, nikanyoosha mkono kuhesabu sekunde. Akadundisha mara mbili, akarusha. Kabla mpira haujatoka mikononi mwake, beki mmoja wa bluu alikuwa ameshatupa mguu ndani. Nilimwona vizuri. Nikapuliza filimbi huku mpira uko hewani.

Mpira ukaingia.

Vigelegele vikalipuka upande wa kijani. Nami, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, nikasema: "Hapana. Bluu kaingia mapema. Unarudiwa."

Namba tisa akarudia. Mpira ukagonga ukingo wa ringi, ukatoka. Tukaenda kwenye dakika tano za nyongeza, na kijani wakafungwa.

Nilikuwa nanawa miguu kwenye ndoo aliponijia mzee mmoja, mstaafu wa jeshi, aliyewahi kuchezesha kikapu enzi zake kambini. Alikuwa amekaa kivulini chini ya mwembe mchezo mzima bila kusema neno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umechezesha vizuri." Akanyamaza kidogo. "Hebu niambie. Ule mtupo wa pili, wa kwanza kabla ya kurudiwa. Mpira uliingia?"

"Uliingia, mzee."

"Na aliyekosa alikuwa nani?"

"Bluu."

"Sasa yule binti wa kijani ulimnyang'anya pointi yake kwa kosa gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda nyumbani nikafungua kitabu cha sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, kifungu cha 43, na nikasoma kwa mara ya kwanza kwa macho ya mtu aliyekosea.

*

Watazamaji hunywa maji wakati wa mtupo huru. Wachezaji huvuta pumzi. Kila mtu kasimama, saa ya mchezo imesimama, na mtu mmoja anarusha mpira kwenye kikapu kilicho mita 4.60 kutoka kwenye mstari wake, ukipima hadi usawa wa ubao. Hakuna anayemzuia. Refa peke yake ndiye aliye kwenye kazi nzito, kwa sababu ndani ya sekunde hizo tano kuna watu sita wanaoweza kukosa kwa njia sita tofauti, na kila kosa lina hukumu yake.

Tuanze na waliosimama pembeni. Eneo la sekunde tatu, lile lililo kati ya mstari huo na ringi, lina nafasi za kugombea ribaundi, yaani mpira unaorudi, pande zote mbili. Wanaoruhusiwa kusimama hapo ni watano tu: watatu wa timu inayozuia, wawili wa timu inayorusha. Nafasi mbili za karibu kabisa na ringi ni za wazuiaji, kulia na kushoto. Hakuna mshambuliaji atakayesimama pale hata kama mojawapo imeachwa wazi. Wengine wote, wa timu zote mbili, wanarudi nyuma ya usawa wa mstari wa mtupo huru na nyuma ya mstari wa pointi tatu, na wanabaki huko mpaka mtupo uishe. Kwenye uwanja wa udongo nafasi hizi tunazichora kwa kisigino, kwa hiyo kabla ya kutoa mpira inabidi niwapange mmoja mmoja kama mwalimu wa zamu anayepanga mstari wa uji.

Hao watano wanabanwa na sharti ambalo mtoto yeyote analielewa: usiondoke kwenye nafasi yako, usiingie ndani, mpaka mpira utoke mikononi mwa mtupaji. Mikononi, wala si mpaka uguse ringi. Mtupaji mwenyewe ana sharti gumu zaidi. Yeye hagusi mstari wala haingii ndani mpaka mpira uingie kikapuni au uguse ringi. Ana sekunde tano tangu mpira uwe mikononi mwake. Mpira wake lazima uingie kutoka juu au angalau uguse chuma. Ukipita hewani bila kugusa kitu, amekosa. Na haruhusiwi kuigiza kurusha, yaani kuinua mikono, kuwavuta wapinzani waingie, kisha kuisimamisha.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa swali la mzee. Mabeki wanaharakia ndani kwa ajili ya ribaundi, hawana kingine cha kufuata. Mpira ukiingia, hakuna ribaundi. Yule beki wa bluu aliyeruka mapema hakupata kitu chochote, na kijani hawakupoteza kitu chochote. Kwa hiyo sheria inasema: mpira umeingia na aliyekosa si mtupaji, pointi inahesabiwa na kosa linaachwa lipite kama halikuwapo. Mtupo ukiwa wa mwisho, wapinzani wanarusha kutoka nyuma ya mstari wa mwisho kama baada ya kikapu chochote, na maisha yanaendelea. Hilo linahusu makosa ya timu zote mbili. Hata mwenzake mtupaji angeingia mapema, pointi ingesimama.

Mashabiki wa mpira wa miguu hapa watashtuka, maana wamezoea penalti ya sheria za wakati ule, ambapo mwenzake mpigaji akiwahi kuingia kwenye boksi na bao likafungwa, refa aliamuru irudiwe. Mimi mwenyewe nilikuwa na penalti kichwani siku ile. Nilidhani kila kosa lazima lilipiwe pale pale, na malipo pekee niliyoyajua yalikuwa kurudia. Lakini hata kwenye penalti, beki akiwahi kuingia na bao likafungwa, bao ni bao. Nilikuwa nimewapora kijani kwa sheria ambayo haiko hata kwenye mpira wa miguu. Nilijitungia.

Mpira usipoingia, hapo ndipo kosa linapata uzito, maana sasa ribaundi ipo na kuna aliyeiwahi kwa wizi. Kama aliyewahi ni mpinzani, mtupaji anapewa mtupo mwingine badala ya ule. Kama ni mwenzake mtupaji, na ulikuwa mtupo wa mwisho, mpira unakwenda kwa wapinzani, wanarusha kutoka pembeni kwenye usawa wa mstari wa mtupo huru. Kama wamekosa wote wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, hakuna wa kumpa haki kuliko mwenzake. Tunatazama mshale wa zamu mezani, unaoonyesha timu ipi inapata mpira. Mshale wetu ulikuwa kipande cha boksi la biskuti, na mwanafunzi aliyeushika aliugeuza kwa heshima kubwa kila robo.

Na kama aliyekosa ni mtupaji mwenyewe, mpira uingie usiingie, pointi haipo. Makosa ya wengine yaliyofanyika karibu na wakati huo yanafutwa yote. Lake ndilo linalohukumiwa. Kama hakuna mtupo mwingine unaofuata, wapinzani wanapewa mpira.

Ukiangalia vizuri utaona refa anahitaji filimbi ya aina mbili. Mtupaji akikanyaga mstari, puliza sasa hivi, hakuna cha kusubiri. Mwingine yeyote akiingia mapema, liweke kosa mfukoni, fuata mpira kwa macho, na usifungue mdomo mpaka ujue umefikia wapi. Siku ile nilipuliza mpira ukiwa njiani, na bado ningeweza kujiokoa, kwa sababu sheria inasema mpira ulioko hewani kwa mtupo huru haufi kwa filimbi iliyopulizwa kwa kosa la mtu mwingine. Ungeingia, ungehesabiwa. Filimbi ya haraka ingekuwa aibu ndogo tu. Kilichoniponza ni lile neno moja baada yake: unarudiwa.

*

Majivu yana faida ambayo sakafu ya mbao haina. Mtupaji akigusa mstari, ushahidi unabaki. Kiatu kinatoka na unga mweupe kwenye ncha, au ukiwa ni mguu mtupu, unaona vidole vitano vimechapwa. Wasichana wa kule wanacheza na chochote: raba za dukani, raba za kaka zao, wengine pekupeku kwa kupenda kwao kwa sababu wanasema viatu vinateleza. Mara nyingi nimeitwa na kocha baada ya mtupo: "Refa, njoo uone, kakanyaga!" Nami nakwenda, nainama, na kweli majivu yamevurugika.

Lakini majivu hayasemi lini. Mtupaji ana haki ya kukanyaga mstari mara mpira unapogusa ringi; wengi hufanya hivyo wakikimbilia ribaundi yao wenyewe. Alama ya vidole ni ileile, iwe kosa au haki. Kwa hiyo macho yangu lazima yawe mguuni wakati sikio langu liko kwenye ringi. Nikisikia chuma kikilia kabla ya kidole kushuka, salama. Kidole kikitangulia, kosa. Hii ndiyo sababu napenda ringi za nondo zilizochomelewa na mafundi wetu: zinalia vizuri.

Tatizo ni mpira unaopita katikati bila kugusa popote. Ringi zetu hazina nyavu. Nyavu zikifungwa mwezi wa kwanza, hadi Pasaka zimebaki nyuzi mbili. Mpira safi kabisa hauna sauti. Mpira uliopita sentimita tatu chini ya ringi nao hauna sauti. Ukiwa umeinamisha macho kwenye mguu wa mtupaji, huwezi kujua kama umeshuhudia mtupo bora wa siku au mbaya kuliko yote, na watazamaji wa pande zote mbili watakueleza kwa kelele sawa. Kwa ajili hiyo waamuzi huwa wawili au watatu. Yule wa chini ya ringi anatoa mpira, anaonyesha kwa vidole idadi ya mitupo, anatazama walioko kwenye nafasi za upande wa pili. Yule wa nyuma, kwenye usawa wa mstari, ana mtupaji, miguu yake, na hesabu ya sekunde. Nikiwa peke yangu, nimejifunza kumwomba mwalimu mmoja wa timu isiyocheza akae nyuma ya ubao na aniinulie mkono tu akiuona mpira ukipita ndani. Hiyo haimo kitabuni. Wenzangu wa mjini wakinicheka, nawakaribisha waje wachezeshe bila wavu.

Kuna mtoto mmoja pale aliyekuwa anarusha kwa mikono miwili kutoka katikati ya magoti, kama anayemwaga maji ya ndoo. Kila alipokwenda mstarini, watu walikufa kwa kicheko, na mara moja kocha wa timu pinzani alinijia kwa dhati kabisa: "Mwalimu mwenzangu, ule mtindo unaruhusiwa?" Unaruhusiwa. Sheria inampa mtupaji uhuru wa kurusha kwa namna yoyote. Wilt Chamberlain alipofunga pointi 100 katika mchezo mmoja wa NBA tarehe 2 Machi 1962, alipata mitupo huru 28 kati ya 32, na alikuwa anarusha hivyohivyo, kutoka chini. Baadaye aliuacha mtindo ule kwa kuona aibu, na asilimia yake ikashuka. Yule mtoto hakuwa na habari za Chamberlain na wala hakuona aibu.

*

Kelele ni suala jingine. Mchezaji aliye kwenye nafasi ya ribaundi haruhusiwi kumvuruga mtupaji: kupunga mikono, kupiga makofi, kumwita jina, kukohoa kwa makusudi. Akifanya hivyo na mpira usiingie, ni kosa la mpinzani kama kuingia mapema, na mtupo mwingine unatolewa. Ukiingia, nalo linaachwa. Watazamaji hawamo katika sharti hilo. Wao wanaweza kupiga ngoma, kuimba, na kufanya utani wa kila aina, na huku kusini utani hauna likizo.

Ulimwengu mzima uliona jambo hili mwaka 2021, Giannis Antetokounmpo wa Milwaukee Bucks alipokuwa akichelewa mstarini. NBA inampa mtupaji sekunde 10, maradufu ya FIBA, na bado mashabiki wa timu pinzani, Brooklyn na Atlanta na kwingineko, walihesabu kwa sauti uwanja mzima, moja, mbili, tatu, wakifika kumi kabla ya saa yoyote ile. Hakuna refa aliyewanyamazisha. Julai 20 mwaka huo, usiku wa kutwaa ubingwa, Giannis alifunga pointi 50, na kati ya mitupo huru 19 akaingiza 17.

Nilipowasimulia wanafunzi kisa hiki nilifanya kosa la pili katika kazi yangu. Wiki iliyofuata shule nzima ilikuwa inahesabu. Na wao walihesabu hadi tano, kwa sababu niliwaambia ni tano, kwa mwendo wa mtu anayekimbizwa na nyuki. Mtupaji, akisikia "nne!", anarusha ovyo. Tangu hapo nikianza kuhesabu natumia mkono ulionyooshwa, pigo moja kwa kila sekunde, mahali ambapo mtupaji anauona, ili ajue hesabu iliyo na nguvu ni ipi.

Kengele ndiyo iliyonisumbua zaidi. Kengele ya shule ile ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, hatua kumi kutoka uwanjani, na mwanafunzi wa zamu anaigonga kwa kipande cha nondo ikifika saa ya kuchota maji, awe nani mstarini. Siku moja iligongwa mpira ukiwa hewani. Mtupo ukakosa, na kocha akataka urudiwe. Nilimkatalia. Hakuna mchezaji aliyekosa.

Nilimkumbusha Munich. Fainali ya kikapu ya Olimpiki ya 1972, Marekani na Umoja wa Kisovieti, zikiwa zimebaki sekunde tatu. Doug Collins wa Marekani yuko mstarini, timu yake iko nyuma kwa pointi moja. Anaingiza wa kwanza. Anapoanza kurusha wa pili, honi ya mezani inalia, kwa sababu ya mkanganyiko kuhusu mapumziko ambayo Wasovieti walisema wameyaomba. Collins hakusimama, akarusha, ukaingia, 50 kwa 49. Hakuna aliyemwambia arudie. Yaliyofuata ndiyo yaliyoingia katika historia: sekunde tatu zilirudishwa, zikarudishwa tena, Renato William Jones, katibu mkuu wa FIBA, akashuka kutoka jukwaani akaingilia, na Wasovieti wakafunga kikapu cha mwisho, 51 kwa 50. Marekani hawakuwa wamewahi kupoteza mchezo wa Olimpiki kabla ya usiku ule, na medali zao za fedha hawajazichukua hadi leo. Watu hukumbuka zile sekunde tatu. Mimi hukumbuka honi, na kijana aliyerusha kana kwamba hakuisikia.

Kocha alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Sawa, lakini Munich hakukuwa na rimu."

*

Wasichana warefu huniuliza kuhusu Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar es Salaam, aliyeanza kikapu akiwa tayari mkubwa, akafika chuo kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Urefu wake ni sentimita 221. Ringi iko sentimita 305. "Sasa mwalimu, mtu kama huyo si anaudaka tu mpira juu ya ringi?" Kwenye mtupo huru, hapana. Mzuiaji akiugusa mpira uliorushwa, ungali unaelekea kikapuni na haujagusa ringi, mtupaji anapewa pointi yake kana kwamba umeingia. Na ukiwa mtupo wa mwisho, mzuiaji anaongezewa faulo ya kiufundi. Ni kosa pekee katika habari hii yote ambalo sheria imelikasirikia kweli, na naona ni sawa. Kuingia mapema ni pupa. Kuudaka ule mpira ni kumnyima mtu kitu alichokwisha kupewa.

Maana mtupo huru ni fidia. James Naismith alipoandika sheria zake 13 mwaka 1891, haukuwamo kabisa. Timu iliyofanya faulo tatu mfululizo ilimpa mpinzani bao, basi. Mtupo ulikuja miaka michache baadaye, na kwa muda mrefu timu iliweza kumteua mrushaji wake hodari apige yote. Siku hizi aliyechezewa faulo ndiye anayerusha. Akirusha mwingine, na kosa likagunduliwa mapema, mitupo inafutwa na mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwetu hili ni tishio la kweli, kwa kuwa jezi ni za kuazima. Nimewahi kuwa na namba saba wawili katika timu moja, mmoja wa kitambaa na mmoja wa kalamu ya wino mzito, na nikalazimika kuwatambua kwa mkanda wa nywele.

*

Nilirudi kwenye uwanja ule mwaka 2021, fainali za taifa zilipokuja tena Mtwara. Nilipitia Nachingwea, kwenye kata inayoitwa Stesheni. Hakuna stesheni pale. Reli ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga wa 1947, mradi ukafa, na miaka ya 1960 reli ikang'olewa, ila ukimwambia dereva wa bodaboda "nishushe Stesheni" hakuulizi ni wapi. Nilifika shuleni mchana, nikaomba debe la majivu.

Namba tisa wa kijani alikuwa ameshamaliza shule. Sikupata nafasi ya kumwambia kuwa pointi ile ilikuwa yake. Nilimwambia kocha wake, aliyekuwa bado yupo, na akajibu, "Ah, mwalimu, hayo si yalishapita," kwa namna iliyonionyesha kwamba hayajapita.

Mchezo wa siku hiyo haukuwa wa kukumbukwa. Bluu walishinda kwa tofauti kubwa. Lakini katika robo ya tatu msichana wa kijani alikwenda mstarini kwa mtupo wa mwisho, na beki wa bluu, mwingine kabisa, akatupa mguu ndani mpira ukiwa bado mikononi mwa mtupaji. Filimbi ilikuwa mdomoni. Mzee mstaafu alikuwa chini ya mwembe uleule. Benchi zima la kijani likasimama likinyooshea kidole mguu wa beki: "Refa! Refa! Kaingia!" Mpira ukapanda, ukagonga nyuma ya ringi, ukazunguka, ukasimama kidogo ukingoni, ukaingia.

Nikaonyesha pointi moja, nikamwashiria bluu arushe kutoka mwisho.

"Refa, si kaingia yule?" nahodha wa kijani akanijia.

"Kaingia."

"Sasa?"

"Na mpira umeingia. Mnataka nini kingine?"

Akafikiri, akacheka, akarudi kuzuia.

Mchezo ulipoisha jua lilikuwa limeshaanza kuzama upande wa bondeni. Nilikuwa bado najaza karatasi ya matokeo nilipoona wavulana kama ishirini wamesimama pembeni, mmoja kabeba mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba.

"Shikamoo mwalimu. Mmeshamaliza?"

"Marahaba. Tumeshamaliza."

Wakaingia wote kwa mkupuo. Dakika ya kwanza tu mstari wangu wa majivu ukawa vumbi miguuni mwao, na mmoja wao akaweka ndala mbili chini ya ringi kuwa goli.